Kwa nini mgonjwa wa ICU hulazwa kifudifudi

Haya ni maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, wazee wa mitaa na jamaa za wagonjwa, katika kikao kilichoandaliwa na idara ya afya. Yamechapishwa kama yalivyotolewa, isipokuwa salamu za mwanzo zilizofupishwa.

  

Naona macho yenu yote yako kwenye hilo godoro hapa mbele. Tulieni, tutalifikia. Sijaja kuuza samani.

Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti hii ni kuwaeleza wananchi yale yanayofanywa kwa niaba yao. Nimesimama hapa leo kwa sababu ya malalamiko mawili yaliyotufikia kuhusu wadi ya wagonjwa mahututi, ile ambayo sote huiita ICU. Nitayasimulia bila kutaja jina la mtu, hospitali wala mwezi. Siri ya mgonjwa hubaki siri hata kama ndugu yake mwenyewe ameianika kwenye WhatsApp.

Lalamiko la kwanza lilikuja na picha. Mzee amelazwa kifudifudi, uso umeelekezwa upande, mipira inatoka mdomoni, macho yamefungwa kwa plasta. Chini ya picha wanawe waliandika kwamba baba yao ametupwa kama gunia, hata uso hauonekani. Picha ikazunguka kaunti nzima kabla ya saa sita mchana. Familia ilidai alazwe chali mara moja, na ikakataa asigeuzwe tena mpaka wazee wa ukoo wakutane. Wazee walikutana kesho yake.

Lalamiko la pili lilitoka kwa mama aliyeingia kumwona binti yake akamkuta muuguzi anampima kwa utepe, kutoka utosini hadi kisigino. Mama yule alitoka nje akilia kwamba mtoto wake bado anapumua na tayari anapimiwa jeneza.

Mambo hayo mawili, kulala kifudifudi na kupimwa kwa utepe, ni katika tiba bora zaidi ambazo ulimwengu unazo kwa mapafu yaliyoshindwa kufanya kazi. Hazihitaji mashine mpya wala dawa ya bei ghali. Na sisi tuliokaa ofisini hatukuwa tumemweleza mtu yeyote. Kwa hiyo nilikwenda kukaa na wauguzi na daktari wa wadi ile, nikauliza maswali ya kijinga, nikasoma, na leo nawaletea nilichokipata.

Tuanze na pafu lenyewe. Wengi hudhani pafu ni kama puto, mfuko mmoja mtupu. Sivyo. Ni kama sponji. Ndani yake mna vifuko vya hewa mamia ya mamilioni, na kimoja hakifiki ukubwa wa punje ya chumvi. Ukivuta pumzi, hewa hufika kwenye vifuko hivyo, na damu inayopita ukutani mwake huchukua oksijeni na kwenda zake. Kila kifuko kimepakwa kwa ndani utelezi fulani unaozuia kuta zake zisigandamane.

Sasa mtu akipata nimonia kali, au sumu ya vijidudu ikaenea katika damu, au malaria ikamzidi, au akapata ajali mbaya ya barabarani, au matapishi yakaingia njia ya hewa, mishipa midogo ya mapafu inaweza kuanza kuvuja. Maji hujaa mahali pa hewa. Ule utelezi huharibika. Vifuko vinajikunja na kufungika, maelfu kwa maelfu. Wale mnaokumbuka mifuko ya plastiki kabla ya marufuku ya 2017: ukiulowesha mfuko ule kwa ndani na kuukandamiza, kuta zake hushikana, na kuzibandua upya ni kazi ngumu kuliko kuendelea kuupuliza ukiwa umeshafunguka. Hali ya vifuko vya mapafu ndiyo hiyo.

Madaktari huuita ugonjwa huu ARDS. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 na madaktari wanne wa Colorado, Marekani, waliowaona wagonjwa 12 wa namna moja. Kilichowashangaza ni kwamba waliwapa oksijeni lakini haikuwasaidia kama ilivyotarajiwa. Saba kati ya 12 walifariki.

Kwa nini oksijeni isisaidie? Fikirieni mteja anayepita mbele ya duka lililofungwa. Ghala nyuma linaweza kuwa limejaa unga mpaka darini, lakini yeye atarudi nyumbani mikono mitupu. Damu inayopita kwenye kifuko kilichofungika ni mteja huyo. Unaweza kumwaga oksijeni mtungi baada ya mtungi, na damu bado itarudi moyoni bila kitu. Kwa hiyo lazima kwanza maduka yafunguliwe.

Kazi hiyo ya kuvifungua vifuko na kuvirudisha kazini, madaktari wameipa kwa Kiingereza jina lilelile la kuandikisha vijana jeshini. Ndilo neno lililotupa sisi "kurutu". Vifuko vilivyolala vinaitwa upya, vipange foleni, vianze kazi. Napenda jina hilo, ila lina udhaifu wake: si kila kurutu anayeitwa anaweza kusimama.

Njia inayokuja akilini haraka ni nguvu. Mashine ya kupumulia husukuma hewa ndani. Basi iongezwe! Ndivyo alivyosema mwana mmoja wa yule mzee, kijana fundi wa mitambo, mtu anayejua pampu. Alimwambia daktari mbele yangu, "Daktari, mashine hii ina uwezo, mimi naiona. Mbona mmeiweka chini hivi? Iongezeni." Daktari akamjibu, "Kaka, nikiiongeza nitapasua pale palipobaki pazima." Kijana hakuridhika, na nakiri kwamba hata mimi sikuridhika. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa.

Shinikizo la mashine hizi hupimwa kwa sentimita za maji. Chukua mrija, uzamishe kwenye ndoo, upulize mpaka mapovu yatoke chini. Ukiwa umeuzamisha sentimita 5, ni rahisi. Akina mama waliolaza watoto njiti katika hospitali zetu wameiona: mtoto ana mirija puani, na mwisho wa mpira umezamishwa kwenye chupa ya maji inayotoa mapovu. Kina kile cha maji ndicho kinachobakiza hewa kidogo katika mapafu ya mtoto, ili akitoa pumzi vifuko visifunge kabisa. Mtu mzima aliye kwenye mashine naye huwekewa kizuizi kama hicho mwisho wa kila pumzi. Wauguzi wakisema PEEP, wanamaanisha hicho.

Sasa zamisha mrija sentimita 40, yaani rula ya mwanafunzi na theluthi moja zaidi, ujaribu kupuliza. Utaona mishipa ya shingo inasimama. Mojawapo ya mbinu za kufungua mapafu ilikuwa hiyo: mashine inasukuma kwa sentimita 40 na kushikilia hapo kwa sekunde 40 bila kuachia. Nyingine ni kupanda ngazi kwa ngazi, shinikizo linaongezwa kidogo, linashikiliwa, linaongezwa tena, halafu linashushwa taratibu huku wakitafuta mahali ambapo vifuko vinaanza kufunga. Nyingine ni kumpa mgonjwa pumzi ndefu moja moja katikati ya zile za kawaida, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kilio.

Mwaka 1992, daktari Burkhard Lachmann wa Rotterdam, Uholanzi, aliandika makala fupi akiwahimiza wenzake wayafungue mapafu na kisha wayaweke wazi. Hoja yake ilienea, na ilikuwa na mantiki. Tena matokeo yalionekana palepale. Pafu likifunguliwa kwa nguvu, namba ya oksijeni kwenye skrini hupanda, na kila mtu aliye chumbani hushusha pumzi yake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba pafu la mgonjwa huyu halina hali moja. Kuna sehemu iliyojaa maji na kuganda, kuna sehemu iliyojikunja inayoweza kufunguka, na kuna sehemu ndogo iliyobaki nzima. Daktari Luciano Gattinoni wa Italia, aliyewapiga wagonjwa hawa picha za CT, alilifananisha pafu hilo na pafu la mtoto: mtu ni mkubwa, lakini sehemu inayopokea hewa imebaki ndogo sana. Mnaomwagilia mashamba mnajua kwamba maji hayaendi pale mnapoyahitaji, huenda pale mfereji ulipo wazi. Hewa nayo ni hivyohivyo. Ukiisukuma kwa nguvu, huacha vifuko vilivyoganda na kujaa kwenye vile vizima, ikavitanua kupita kiasi mpaka vikachubuka au kupasuka. Na kifua kikijaa shinikizo, damu hushindwa kurudi moyoni, presha ikaanguka.

Gattinoni na wenzake walichapisha mwaka 2006 vipimo vya wagonjwa 68. Kwa wastani, sehemu ya pafu iliyoweza kufunguka ilikuwa asilimia 13 tu ya uzito wake. Lakini wastani huo unaficha mengi: kuna mgonjwa aliyekuwa na sehemu kubwa ya kufunguliwa, na kuna ambaye hakuwa na karibu chochote. Huyu wa pili, ukimsukumia hewa, unampa hasara bila faida.

Basi ikabidi jambo lipimwe kwa haki. Utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Brazili, uliochapishwa mwaka 2017, ulihusisha wagonjwa 1,010 katika nchi tisa. Nusu walifunguliwa mapafu kwa shinikizo la kupanda ngazi na kuwekewa kizuizi cha juu. Nusu walitunzwa kwa upole. Katikati ya utafiti ikabidi ngazi zile zipunguzwe, baada ya wagonjwa watatu kusimama moyo. Mwishoni, kufikia siku ya 28, kati ya kila wagonjwa 100 waliofunguliwa kwa nguvu walifariki 55. Kati ya wale wa upole walifariki 49.

Nitalisema tena polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipomwelewa yule daktari. Oksijeni ilipanda. Skrini ilipendeza. Na watu zaidi walikufa.

Tangu hapo mwongozo umebadilika. Chama cha madaktari wa wagonjwa mahututi cha Ulaya mwaka 2023, na cha madaktari wa kifua cha Marekani mwaka 2024, vimeshauri kwamba mbinu hizi za shinikizo kubwa la muda mrefu zisitumiwe kwa wagonjwa wa ARDS. Haina maana kwamba hakuna anayefungua mapafu tena. Daktari mzoefu anaweza kumpa mgonjwa fulani msukumo mfupi, kwa mfano mpira ulipochomoka na vifuko vikajifunga, huku akitazama presha sekunde kwa sekunde. Lakini hiyo ni hukumu ya daktari aliye kitandani. Haiwezi kuwa dai la ndugu, wala la mheshimiwa anayepiga simu kutoka mahali. (Samahani, waheshimiwa mliopo. Simu hizo huwa zinapigwa.)

Sasa tuurudie utepe wa yule mama. Mwaka 2000 huko Marekani ilichapishwa hesabu ya wagonjwa 861. Kundi moja lilipewa pumzi za ukubwa uliozoeleka zamani, mililita 12 kwa kila kilo ya uzito. Kundi la pili nusu yake, mililita 6. Waliopewa pumzi ndogo walifariki 31 kati ya 100, na waliopewa kubwa walifariki karibu 40. Kwa mtu wa kilo 70, pumzi hiyo ndogo ni mililita 420, haifiki hata chupa ya soda ya nusu lita. Ukiiona kifuani mwa mtu unaweza kudhani mashine imechoka.

Na kilo zinazohesabiwa si zile za mizani. Ni uzito unaokadiriwa kutokana na urefu wa mtu na jinsia yake, kwa sababu mapafu hufuata urefu. Kitambi hakiongezi mapafu. Mgonjwa aliyelala hawezi kusimama ukutani apimwe, kwa hiyo muuguzi hutoa utepe. Yule muuguzi alikuwa akitafuta kipimo cha pumzi isiyoweza kumdhuru binti. Angemwambia mama sentensi moja tu, kilio kile kisingekuwepo. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba usiku ule alikuwa na wagonjwa watatu peke yake, na sikuwa na la kuongeza.

Na sasa godoro.

Hili ni godoro la sponji la kawaida. Jana jioni niliomba lilowe, na msimamizi wa ukumbi amenikasirikia mpaka leo. Likilala hivi, maji yote yameshuka chini. Ukibonyeza juu, ni laini, lina hewa. Ukiingiza mkono chini, limeshikana, limekandamizwa na uzito wake lenyewe na maji yake. Pafu lenye ARDS la mtu aliyelala chali liko hivyohivyo. Upande wa mgongoni, ambako kuna sehemu kubwa ya pafu, umelaliwa na pafu lililojaa maji na moyo uliokaa juu yake, na tumbo nalo linasukuma kutokea chini. Vifuko vya mgongoni vinafungika. Damu inaendelea kupita huko, na maduka yamefungwa.

Mgeuze mgonjwa kifudifudi. Uzito unahama. Moyo unaegemea mbele, kwenye mfupa wa kifua. Mgongo uliokuwa umebanwa unapata nafasi, na vifuko vyake vinaanza kufunguka vyenyewe, kidogo kidogo, kwa shinikizo lilelile dogo. Hewa inagawanyika kwa usawa zaidi, na sehemu nzima haitanuliwi kupita kiasi. Ni kufungua mapafu bila kuyapiga ngumi.

Utafiti wa Wafaransa ulioongozwa na Claude Guérin, uliochapishwa mwaka 2013, ulifuatilia wagonjwa 466 waliokuwa na hali mbaya. Waliogeuzwa walilazwa kifudifudi kwa angalau saa 16 mfululizo kila mara. Kufikia siku ya 28, kati ya kila 100 waliobaki chali walifariki karibu 33. Kati ya waliogeuzwa walifariki 16.

Ndiyo maana picha ile iliniuma. Mzee alikuwa anapewa kitu bora zaidi kilichokuwepo katika jengo lile, na saa zile ambazo ukoo ulikuwa ukikutana zilikuwa saa za tiba yake. Mtataka kujua kama alipona. Sitawaambia. Mkisikia alipona mtasema kugeuza ni muujiza, na mkisikia hakupona mtasema kugeuza ndiko kulikomuua, na mgonjwa mmoja hathibitishi lolote kati ya hayo. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba familia ile haikuwa na ubaya. Kwetu sisi, anayelazwa kifudifudi ni aliyeanguka au aliyedharauliwa. Hakuna aliyekuwa amewaambia vingine.

Ni vizuri pia mjue kwamba kugeuza kuna taabu zake. Uso huvimba, na ukiuona unaweza usimtambue mtu wako. Uvimbe hupungua akirudishwa chali. Mashavu na kidevu vinaweza kupata vidonda, kwa hiyo kichwa hubadilishwa upande kila baada ya muda. Macho hufungwa kwa plasta yasikauke na kukwaruzwa. Na si kila mgonjwa anaweza kugeuzwa: aliyevunjika uti wa mgongo, kwa mfano, hageuzwi hivihivi. Muuguzi akiwaambia leo hapana, naye muaminini.

Taabu kubwa kuliko zote ni watu. Kumgeuza mgonjwa mmoja aliyelala kwa dawa, mwenye mpira kooni na mirija shingoni, huhitaji takriban watu watano. Mmoja anakaa kichwani na kazi yake ni moja tu, kuushika mpira usichomoke. Ukichomoka, vifuko vilivyofunguliwa kwa saa nyingi vinaweza kufunga upya kwa muda mfupi sana. Ndiyo sababu muuguzi wa ICU huwa mkali ukigusa mpira, ukisogeza kitanda ili upige picha, au ukichomoa plagi yoyote ile ili uchaji simu.

Hapa lazima niseme kosa langu. Miaka michache iliyopita, jarida hili hili lilitoa ukurasa mzima wenye picha ya mashine mpya za kupumulia, zimepangwa mstari, zimefungwa utepe mwekundu. Maneno niliyaandika mimi. Nilihesabu mashine, nikataja bei, nikataja waliohudhuria. Sikuuliza ni wauguzi wangapi waliosomea kazi ya wagonjwa mahututi watakaozisimamia usiku wa manane, wala oksijeni itatoka wapi umeme ukikatika. Nilifundishwa chuoni kuuliza maswali hayo. Sikuyauliza, kwa sababu mashine hupendeza kwenye picha kuliko orodha ya zamu.

Jirani zetu wa Rwanda wametuonyesha sura halisi ya jambo hili. Katika hospitali ya chuo kikuu mjini Kigali, watafiti waliwachunguza wagonjwa 1,046. Kipimo cha kimataifa cha ARDS cha wakati ule kilidai mgonjwa awe kwenye mashine, apimwe damu ya mshipa wa ateri na kupigwa picha ya eksirei. Kwa kipimo hicho hawakupata hata mgonjwa mmoja. Wakarekebisha kipimo kiendane na hospitali zetu: kifaa kile kidogo cha kubana kidole, pamoja na mashine ya ultrasaundi ya kuangalia mapafu. Wakapata 42. Chini ya theluthi moja yao ndio waliopata kitanda cha ICU, na nusu walifariki. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016, na leo kipimo cha dunia kinakubali njia hiyo ya Kigali. Wagonjwa walikuwepo muda wote, ila kipimo kiliandikwa kwa ajili ya hospitali zenye mashine kila kitanda.

Hilo ndilo nawaomba wahamasishaji mlibebe mnapokwenda nyumba kwa nyumba, kwa sababu ninyi mko mbele ya ICU kwa siku nyingi. Mtu mzima anayehema haraka akiwa amekaa tu, asiyeweza kumaliza sentensi bila kukatiza apumue, ambaye midomo inabadilika rangi au ameanza kuchanganyikiwa, asisubiri asubuhi. Mpelekeni. Wakati wa Korona watu wengi walisikia kuhusu kulala kifudifudi, na wengine wakawageuza wagonjwa wao nyumbani wakaona inatosha. Wagonjwa wa Korona waliokuwa macho walisaidiwa kweli kwa kulala hivyo, lakini walikuwa hospitalini, wana oksijeni, na kuna anayewatazama. Nyumbani bila oksijeni ni kupoteza saa.

Na kwa jamaa ambao tayari mna mtu wenu ndani. Najua mkiingia mnatazama skrini nzima yenye namba za rangi na hamjui mshike ipi. Muulizeni muuguzi moja: anahitaji oksijeni asilimia ngapi leo, na jana ilikuwa ngapi? Hewa hii tunayovuta humu ukumbini ina asilimia 21. Mgonjwa aliyehitaji 90 jana na leo anahitaji 60, mapafu yake yanafanya kazi zaidi kuliko jana, hata kama macho hayajafunguka. Ikipanda, ulizeni kwa nini. Muulizeni pia kama amegeuzwa, saa ngapi, na atarudishwa chali saa ngapi, ili mje wakati mnaweza kuuona uso wake. Idara imekubali saa ya kurudishwa chali iandikwe kwenye ubao ulio mlangoni mwa wadi. Ni jambo dogo, na limechelewa.

Kama amelala kifudifudi mnapofika, mnaweza kuomba kumshika mkono na kumsemesha. Mwiteni jina lake mlilozoea kumwita nyumbani.

Maswali tutayapokea baadaye. Sasa namkaribisha sista wa zamu aliyekuja na timu yake. Ameniambia atamgeuza mtu mzima hapa mbele, kwenye godoro lile lingine kavu, tuone kila mkono unakaa wapi. Anahitaji watu wanne wa kumsaidia na mmoja wa kulala. Mzee wa mtaa, wewe uliyecheka nilipotaja kitambi, njoo ulale.